Kitambaa cha Macho ya Mfalme

Ndugu na majirani, tunayemsindikiza leo ni mama yetu, mliyezoea kumwita Mama Pindo kwa jinsi alivyokagua pindo za nguo za kila mtu, hata za wapita njia. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya mtaani, kisha chuo cha ufundi hadi Novemba 1970, ambako walimu walisema kwa kushona ni hodari, ila kwa ubishi hana mpinzani.

Mwaka 1971 aliajiriwa na jumba la maonyesho kubuni mavazi ya jukwaani, na tarehe 6 Agosti 1975 akafunga ndoa na baba yetu, mwigizaji na mtu wa utani kutwa kucha, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu.

Tarehe 20 Mei 1983 ilionyeshwa tanzia ya kale ya mfalme anayepofuka, baba akiwa ndiye mfalme, na mama, badala ya shashi, kitambaa chepesi kinachomruhusu mwigizaji kuona, alimfunga macho kwa kitambaa kizito chekundu, kwa kuwa shashi ilionekana kupauka kwenye taa za jukwaa. Baba alilalamika kwamba haoni kitu, naye akamjibu kwamba kipofu hatakiwi kuona. Baba aliporomoka kutoka ukingo wa jukwaa, watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo tamthilia ilivyo, na goti lake halikukunjika tena.

Tangu hapo mama alijiona mkosaji. Kila vazi alilijaribu mwenyewe kwanza, akipanda na kushuka ngazi za jukwaa hadi waigizaji wakamcheka, na kila baba alipoushika mkongojo, mama alimwomba msamaha, naye akajibiwa kwamba mfalme hasamehe mpaka baraza likae. Mama alicheka, kisha akageuka kufuta machozi.

Alistaafu mwaka 2006, akaanza kuugua figo Januari mwaka jana, na jioni ya tarehe 2 mwezi huu, akiwa wodini, aliomba msamaha tena, baba akamjibu kwa utani uleule, akaenda nyumbani kulala. Mama alifariki alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na mafundi wenzake wa jumba la maonyesho. Baba ameshindwa kusimama, ameniomba niseme kwamba hakukuwa na baraza lolote, alimsamehe siku ileile aliyoanguka, akiwa bado sakafuni, akanyamaza kwa kuwa alipenda kubembelezwa, na sasa hajui yeye amwombe nani msamaha.

Pumzika kwa amani, mama. Ulikwisha kusamehewa.