Kasiani Nandonde, Jicho la Mkono na Jicho la Mwanga

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani wa Chanika na wachonga vinyago wenzake wa marehemu, mbele yenu nasimama mimi Deogratias, shemeji yake, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi hii ikijua kwamba marehemu hakuwahi kuniachia nimalize sentensi hata moja, basi leo nitamaliza.

Marehemu Kasiani Venance Nandonde alizaliwa tarehe 12 Machi 1972 katika kijiji cha Chikundi, Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Venance, mchonga mpingo, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1980 hadi 1986, ambako walimu walisema ana akili ila ni mbishi, sifa ambayo hakuipoteza hadi mwisho. Mwaka 1989 alikuja Dar es Salaam, akaanza kuchonga vinyago pale Mwenge, na tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na mdogo wangu Herieth kule Mbagala, wakajaliwa mtoto mmoja, Fidea, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1999, kisha mwaka 2004 wakahamia kwenye kiwanja hiki, alichokipenda kwa mwanga wake wa asubuhi.

Macho yalikuwa yameshaanza kumchezea, akiutazama mwezi anaona mitatu, akibadili miwani leo, kesho haifai, naye hakukubali kwamba anaumwa mpaka siku alipochonga mwanamke mwenye pua iliyohamia shavuni, mgeni mmoja akamnunua kwa furaha akisema hiyo ndiyo sanaa ya kisasa, na marehemu akarudi nyumbani akajifungia chumbani.

Daktari wa macho, Dk. Zahabiya Taiyeb, alimweleza kwamba kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kimekonda na kuchongoka kama ncha ya yai, na dawa yake kwa hatua ile ni kupandikiza ndani ya konea vipande vyembamba vya pete ili irudi kwenye umbo lake, ila ili pete ziingie lazima kichimbwe kijia kidogo, ama kwa kifaa cha mkono, ama kwa mwanga wa leza. Tarehe 14 Mei 2013 jicho la kushoto lilifanywa kwa mkono, kwa kuwa mashine ya leza haikuwepo, na marehemu, aliyetiwa ganzi ya matone tu na masikio yake yakiwa mazima, alianza kumwelekeza daktari namna ya kuinamisha patasi, akaombwa kwa heshima zote anyamaze, maana kila akisema kichwa kinatikisika. Tarehe 9 Agosti 2016 jicho la kulia lilifanywa kwa leza, likaisha kabla hajamaliza Baba Yetu, akatoka amenuna, akilalamika kwamba hakuhisi kama ametibiwa.

Tangu hapo alikuwa na jicho la mkono na jicho la mwanga, na alipotaka kupima kitu chochote, kiwe kinyago, papai au mchumba wa mtoto wa jirani, alifumba la kulia akatazama kwa la kushoto, akisema mwanga hauna uchungu na kazi. Daktari alimfafanulia kwamba leza hupima kina kwa uhakika zaidi na kwa mkono hutegemea ni mkono wa nani, lakini kwake yeye macho yote yanasoma mstari uleule ubaoni, naye akajibu kwamba ubao haujui vinyago. Mwaka 2018 akachonga sura mbili za mke wake, moja akiwa amefunga jicho lake la kulia kwa kitambaa, nyingine la kushoto, akawaita majirani waamue, wakagawanyika nusu kwa nusu, na Herieth akasema hakuna hata moja inayofanana naye, na kwamba mchagua jembe si mkulima.

Tulicheka sana, ila ubishi ule ulikuja kutuumiza, kwa sababu mwaka 2021 Fidea alitoka chuo cha ufundi akaleta mashine ya kuchonga mbao, na baba yake akaapa kwamba haitavuka geti lake maadamu jicho la mkono linaona, ikabidi ikae bandani kwa jirani yetu Mwishehe, na kwa miaka mitatu na ushei mtoto akisema shikamoo, baba akijibu marahaba, mazungumzo yameisha. Mama yake alilia, na mimi nilijaribu kusuluhisha, nikakatizwa kama kawaida.

Tarehe 19 Januari 2025 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito, huku msalaba aliowaahidi wenzake wa kigango ukiwa umefika nusu tu. Siku kadhaa aliutazama kutoka kitandani, halafu akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea bandani kwa Mwishehe, nasi tukaibeba mashine tukaipitisha getini, na Fidea akamalizia kazi ya baba yake. Tarehe 2 Machi alipoletewa msalaba huo, alifumba jicho la kulia akatazama, akafumba la kushoto akatazama, kisha akafumbua yote mawili, akatazama mpaka machozi yakamtoka, akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mwanaye, na alfajiri ya tarehe 4 Machi akatutoka.

Msalaba wenyewe ni huu uliotangulia jeneza, na mimi nimetafuta mahali mkono ulipoishia na mashine ilipoanzia, nikashindwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hususan Dk. Zahabiya kwa matibabu na zaidi kwa uvumilivu, inamshukuru Mwishehe kwa banda lake, wachonga vinyago wenzake kwa kuchimba kaburi, na majirani wote mliopika na kukesha nasi.

Pumzika kwa amani, shemeji, leo umeyafumba yote mawili, bila upendeleo.