Majani Yaliyopumzika Nusu ya Mlima

Baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili, Bi Saliha Yahaya anastaafu leo, tarehe thelathini Juni, akiwa msimamizi mkuu wa Bustani za Kijani Daima. Tulitaka kumuaga Bujumbura, kwenye makao yetu makuu. Akakataa kwa upole. Ndiyo maana tumepanda hadi Bugarama, tumevaa makoti ya kuazima, na majani yake yametuzunguka pande zote.

Bi Saliha ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, binti wa fundi magari. Alianza kwa kukuza miche kando ya ziwa, ambako joto hufanya nusu ya kazi. Kampuni ilipofungua bustani hii ya baridi, ilimkabidhi mimea ya kigeni isiyopukutisha majani mwaka mzima: mitende mifupi ya milima ya Asia, na mingine yenye majani mapana yanayong'aa kama sinia za shaba. Msimu wa kwanza ulikuwa msiba. Majani yaligeuka meusi, na mkurugenzi wetu, Bwana Khaled Obeid, akatamka mbele ya wote kwamba Bugarama ni nchi ya viazi: msimu mmoja zaidi, kisha jembe na viazi.

Kosa lilikuwa letu sote, watu wa Bujumbura. Kwetu mmea hunyweshwa wakati wa magharibi ili upoe. Huku juu, maji ya jioni hulala na baridi mizizini hadi asubuhi. Bi Saliha aliligundua hilo alipotawadha kwa swala ya alfajiri kwa maji yaliyolala nje. Vidole vikafa ganzi. Baada ya kuswali akaenda moja kwa moja kugusa udongo. Tangu siku hiyo, humu maji hutolewa jua likishapanda.

Akaongeza desturi ya kwao: mgeni hupumzika kwanza. Miche iliyotoka ziwani ikawa inapakuliwa nusu ya mlima, uani kwa dereva wetu Léonce, izoee hewa kwa wiki kadhaa. Ndipo ilipopanda huku, imefungwa vitenge dhidi ya upepo. Watu wa barabarani waliuita msafara huo harusi ya majani, na akina mama wakaupigia vigelegele. Léonce alipolalamika kwamba kuku wake hawana tena pa kukanyaga, Bi Saliha alimjibu: “We Léonce, bibi-arusi haulizwi anaondoka lini!”

Msimu ulipokwisha, Bwana Khaled alikuja kutoa hukumu. Alizunguka bustani yote bila kuona jani jeusi, akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, viazi vipandwe wapi. “Apana hapa, bosi,” akaambiwa na Bi Saliha. “Nyuma ya jiko.” Viazi vya nyuma ya jiko ndivyo tutakavyokula leo mchana. Maharusi wa Bujumbura sasa hupambiwa majani ya Bugarama, na Bwana Khaled huwatembeza wageni mwenyewe, akiwasimulia jinsi alivyoiamini bustani hii tangu mwanzo. Sisi hutabasamu.

Bi Saliha, unarudi kwenye joto la Buyenzi, ambako kumwagilia jioni ni ruhusa tena. Asante kwa kijani hiki, na kwa ukaidi uliokiokoa. Lakini usiteremke kwa mkupuo mmoja. Uani kwa Léonce kiti chako kimekwisha kuwekwa, na kuku wamesogezwa. Keti, pumzika, zoea hewa, kama ulivyowafundisha wageni wako. Kisha ushuke salama, na Mwenyezi Mungu akujaalie umri mrefu usiopukutika.