Zawadi kwa Watu Asiowajua: Maisha ya Agripina Semboja (1951–2009)

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mnaomjua dada yetu kwa maandishi tu: tunayemzika leo ni Agripina Semboja, mjane wa Fransisko Mdoe. Mimi ninayesoma ni Yordani, mdogo wake wa mwisho. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Bungu, milimani, wilaya ya Korogwe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Semboja na mama yetu Shida.

Tangu utoto alikuwa mwoga, na hakulificha hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa njia ya kwenda shule iliyopita msituni. Mama alisimulia kwamba njia nzima alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, hata waliokuwa wakilima mabondeni walijua saa kwa kumsikia akipita. Lakini shule hakukosa. Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza la nane mwaka 1966. Mwaka 1968 alishuka Tanga kusomea uhazili, akarudi na cheti cha kupiga chapa.

Januari 1970 aliajiriwa kuwa karani mpiga chapa katika shamba moja la mkonge huko Ngombezi. Alikaa hapo hadi mwaka 1997, shamba lilipobinafsishwa na watu wengi wakapunguzwa kazi. Barua za kuwaachisha kazi wenzake alizipiga chapa yeye mwenyewe, akijua kwamba ya kwake imo humo humo, na akaipiga bila kukosea herufi. Kisha aliinunua mashine ile ya chapa kwenye mnada, akafungua duka la kupiga chapa na kudurufu pale Manundu, Korogwe mjini.

Tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Fransisko Mdoe, mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Mnyuzi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gerald na Grace. Shemeji Fransisko alikuwa mcheshi na jasiri, na hodi ikipigwa ndiye aliyekwenda mlangoni. Alipofariki, Mei 2002, dada hakuufungua mlango ule tena mpaka aitambue sauti ya aliye nje.

Mwaka 2003 Gerald alimletea kompyuta dukani na kumwunganishia intaneti. Noeli ya mwaka ule watoto hawakuweza kuja. Dada aliingia kwenye ukumbi mmoja wa mazungumzo ya Kiswahili mtandaoni, akaandika: “Heri ya Noeli kwa yeyote aliye peke yake leo.” Alijibiwa na watu wa Mtwara, wa Tabora, hata na kijana aliyekuwa akisoma ng'ambo kwenye baridi. Toka hapo kila sikukuu ilipokaribia watu wa ukumbini waliandika salamu zao na matamanio yao madogo madogo, na mwenye uwezo alijitokeza. Dada alimpelekea Abdi, mlinzi wa Tabora, tende za Idi. Alimpelekea mwanafunzi mmoja mkebe wa hesabu. Alimpelekea bibi wa mtu miwani ya kusomea.

Gerald na mimi tulimsihi aache. Wakati ule kila mtaa ulikuwa na habari ya mtu aliyetapeliwa au kufuatwa hadi nyumbani na mtu wa mtandaoni. Alitujibu, “Mimi naogopa kuliko ninyi. Lakini anayeniomba tende ataniibia nini?”

Wakati huo tayari alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na popote alipokwenda alibeba sindano na kichupa cha dawa.

Desemba 2005 mwalimu Andrea, aliyefundisha huko Kwedizinga, wilaya ya Handeni, aliandika ukumbini kwa niaba ya mwanafunzi wake Siamanta, binti wa wafugaji. Mguu wa mtoto ulikuwa umevunjika na kuunganishwa vibaya. Alichechemea mwendo mrefu juani kwenda shule, na alitamani mwavuli mwekundu. Dada aliupata sokoni Korogwe. Hakupata mtu wa kuufikisha, kwa hiyo tarehe 23 Desemba aliupeleka mwenyewe, bila kutuaga, maana alijua tungemzuia.

Hakujua kwamba mwezi ule huko kulikuwa na uvumi wa mumiani, watu wanaosemwa kwamba huiba watoto na kuwanyonya damu. Wala hakujua kwamba mwalimu Andrea alikuwa amesafiri. Alifika kisimani, akawasalimia akina mama, akawaambia anamtafuta mtoto aitwaye Siamanta, mwenye mguu mbovu. Wale akina mama walitua ndoo zao chini. Mmoja aliita watoto warudi ndani. Punde wanaume wakaja na fimbo, wakamkalisha kwenye kibanda cha mashine ya kusaga nafaka, wakamwuliza mtoto huyo amemjulia wapi.

Dada alisema ukweli: “Kwenye mtandao.”

Wakamwuliza ni mtandao wa nani, na umo watu wangapi. Alijaribu kueleza habari za kompyuta, lakini kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Ndipo wakamwaga mkoba wake. Ulianguka chini mwavuli, zikafuata biskuti, na mwisho ikaanguka sindano na kile kichupa. Dada alitusimulia kwamba nyuma yake alisikia mtu akiulizia mafuta ya taa.

Alisema ni dawa yake. Wakamwambia, basi ajidunge mbele yao. Lakini alikuwa amejidunga asubuhi na tangu hapo hajala. Alikuwa akitoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamponyoka. Alijua akiongeza dawa kabla ya kula atakufa pale pale. Alipowaambia hivyo, wao walisikia kukiri: yaani mwenyewe anasema inaua.

Hapo alifika mama wa mtoto, Nemayian, ambaye leo yuko nasi hapa. Watu walimpisha, kwa kuwa aliyetafutwa alikuwa mwanawe. Alimtazama dada, akasema, “Mpeni chakula. Akishakula, ajidunge tuone.”

Hakuna aliyekwenda. Nemayian alikwenda mwenyewe, akarudi na ugali na kibuyu cha maziwa. Dada alikula mbele ya watu wote wale, mikono ikigonga kibuyu. Jasho lilipokauka alijipimia kipimo kidogo, akajidunga, akakaa. Nao wakakaa wakimsubiri afe. Jua lilipoanza kushuka na yeye bado yu hai, fimbo zikaanza kuondoka moja moja. Nemayian aliupokea mwavuli, lakini mtoto hakumleta. Alimsindikiza dada hadi barabarani, akitembea nyuma yake.

Aliporudi hakufungua duka hadi mwaka mpya. Kishindo kidogo tu kilimshtua. Nilimwambia watu wale walistahili kushtakiwa, naye akasema, “Mgeni anayemjua mwanao kwa jina anatisha, Yordani. Hata mimi ningeokota jiwe.”

Pasaka iliyofuata Nemayian alimpigia kwa simu ya mwalimu Andrea, akampa Siamanta azungumze. Mtoto alisema tu, “Shikamoo bibi.” Dada alilia, na siku ile ile akarudi ukumbini. Ila tangu hapo hakumpelekea mtoto yeyote kitu kabla hajazungumza na mzazi wake, na mzigo aliupitishia kwa mtu wa huko huko.

Mwaka 2008 kisukari kilishika figo. Mwaka huu, Septemba, alilazwa hospitalini Korogwe. Wasifu nyingi husema marehemu aliikabili safari yake bila hofu. Dada asingetaka niseme hivyo. Padre alipomwuliza kama yuko tayari, alijibu, “Bado, Padre. Naogopa sana.” Alimtaka Grace asiuachie mkono wake, na Grace alipochoka, Nemayian alikuja kutoka Kwedizinga kupokezana naye.

Siku moja alimwuliza Nemayian, “Siku ile uliniamini?”

“Hapana, mama,” Nemayian alisema. “Sikukuamini. Niliona una njaa.”

Dada alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Novemba 2009, mikono yake ikiwa imeshikwa pande zote mbili.

Ameacha watoto wawili, Gerald na Grace, wajukuu watano, nami mdogo wake. Ameacha pia watu wa ukumbini, ambao idadi yao hatuijui. Grace alipotangaza msiba huko, wengi waliandika kwamba watakuja, na baadhi ya majina yao si majina ya kweli. Katika familia tulibishana kama tuwaambie tunazikia wapi. Tuliogopa, nasema kweli. Mwishowe tuliwaambia.

Basi kama umo humu na hakuna anayekufahamu, usisimame kule nyuma. Njoo ukae na wafiwa. Tutakuogopa kidogo, kisha tutakuzoea.

Dada Agripina, sasa hakuna hodi ya kukushtua. Mungu akupe pumziko lisilo na hofu.