Kuku wa Mama Georgette na Wino Mwekundu wa Mwalimu Albert

Wasikilizaji wapendwa, jambo kwenu nyote, mlioko Baraka, Fizi, Ubwari na Makobola. Kama mna kazi mkononi, endeleeni nayo, lakini tegeni sikio. Leo sauti yangu ni nzito kidogo. Wiki hii tumezika mwalimu.

Jina lake ni Albert Etabo. Alifariki Jumanne nyumbani kwake hapa Baraka, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Alifundisha miaka thelathini na sita. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Mwalimu Albert Etabo amefariki.

Tungeweza kutaja shule zote alizopita. Lakini familia yake imeomba tusimulie jambo moja tu, kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia mpaka mwisho. Ni jambo la kuku.

Turudi mwaka 1956. Albert ana miaka ishirini na mitano. Anafundisha darasa la tatu katika shule ya misioni, nje kidogo ya Baraka. Wanafunzi ni sitini na wawili. Madawati yanatosha arobaini, waliobaki wanakalia matofali. Asubuhi anafundisha. Mchana anasimamia shamba la shule. Jioni jua likianza kulegea, anakaa barazani kwake na rundo la kazi za wanafunzi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mkewe Dorothée amejifungua juzi juzi, na mtoto ana homa isiyoisha. Uchovu wa Albert haukuwa wa siku moja. Alikuwa akiamka nao.

Sasa sikilizeni. Mpaka mwaka ule, watoto wa darasa lake waliandika kwenye vibao vya mawe. Mwalimu akiandika neno kali kwenye kibao, mtoto anatema mate, anafuta kwa kiganja, yamekwisha. Mwaka 1956 darasa lilipewa madaftari, kaye kama tunavyosema hapa kwetu. Albert akapewa chupa ya wino mwekundu. Hakuna aliyemwambia kwamba katika kaye neno halifutiki. Linalala nyumbani kwa mtoto.

Akaandika kama alivyozoea. "Mvivu." "Kichwa kigumu." "Unanipotezea wakati." Binti yake, Immaculée, alituambia hivi: "Baba hakujificha. Alikuwa anasema, 'Sikukuwa mubaya, mwanangu. Nilikuwa nimechoka. Na mukono ya muntu mwenye kuchoka inaandika mbio, haiangalie.'"

Kaye iliyokuwa nyekundu kuliko zote ilikuwa ya msichana mmoja, Pulchérie, wa miaka kumi. Mama yake, Georgette, alilima pamba upande wa milimani. Hakujua kusoma. Na alikuwa amekwisha kusema wazi mbele ya mtoto: "Mwaka hii ni ya mwisho. Kama masomo haiingie mu kichwa, utarudi kunisaidia pamba." Pulchérie hakutaka pamba. Alitaka shule, hata ile shule iliyokuwa ikimtukana.

Basi, kwenye soko la pamba la kule kwao, karani alitembea na brashi. Gunia safi lilipakwa alama nyekundu na kupokelewa. Gunia lenye uchafu halikupakwa kitu, lilirudishwa kwa mwenyewe. Kwa Georgette na majirani zake, rangi nyekundu ilikuwa na maana moja: kazi yako ni nzuri, pita mbele.

Mnaona tunakokwenda.

Georgette alifungua kaye ya binti yake akakuta kurasa nzima ni nyekundu. Alipiga kigelegele. Akamwita jirani yake Anastasie, ambaye mtoto wake alisoma darasa lile lile.

"Leta ya kwako tuone!"

Anastasie akaleta. Ilikuwa na alama mbili tatu tu.

"Ee, pole mama," Georgette akasema. "Ya kwako iko kama mbu alikufia pale."

"Ni mwalimu anapenda wa kwako sana," Anastasie akajibu, amenuna.

"Hapana kupenda. Ni akili!"

Na Pulchérie? Alisimama pale, anasikia. Alijua kusoma. Alijua kila neno. Lakini angesema nini? Akisema kweli, kesho yuko shambani. Akanyamaza. Na kila alipokosa zaidi, mama yake alifurahi zaidi. Wasikilizaji wapendwa, mtoto wa miaka kumi alibeba mzigo huo majuma mengi, peke yake.

Jumamosi moja Georgette alivaa kitenge chake cha kanisani, akamshika binti yake mkono, akaweka kuku kwapani, wakashuka mpaka Baraka. Walimkuta Albert barazani, miguu kwenye beseni.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Kuko nini?"

"Hakuna mubaya. Nilikuja kukushukuru. We unachokaka juu ya mutoto yangu. Bengine unabaandikia kidogo, yeye unamujazia kaye muzima. Nikasema, mwalimu kama huyu hakuna. Kamata hii kuku."

Albert alidhani anataniwa. Alimtazama mama usoni. Hakukuwa na utani. Alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa akitazama beseni.

Kisha Georgette akafungua kaye, akaiweka juu ya magoti ya mwalimu. "Basi nisomee. Mi sijuake kusoma. Nataka nisikie na masikio yangu vile ulimusifu."

Immaculée anasema hapo ndipo baba yake alipokuwa akikatiza hadithi kila mara, akinywa maji kwanza.

Albert alifungua kinywa. Neno la kwanza kwenye ukurasa lilikuwa "Mvivu". Halikutoka. Akashuka kwenye neno la chini yake. "Kichwa kigumu." Nalo halikutoka. Basi, kwa kutafuta kitu chochote cha kusema, alishusha macho kwenye hesabu zenyewe. Alikuwa amezikata mwenyewe kwa wino, lakini hakuwa amezisoma. Ishirini na saba kuongeza kumi na tano: mtoto aliandika thelathini na mbili. Saba na tano ni kumi na mbili. Mbili ameiandika, ile kumi ameiacha njiani. Hesabu ya pili, kumi imeachwa njiani. Ya tatu vilevile. Hesabu kumi na nane zilizokatwa, na kosa ni moja. Kosa moja tu, kuanzia mwanzo wa ukurasa mpaka mwisho.

"Mama," akasema polepole, "mutoto yako anajua kuongeza. Anajua muzuri. Iko anasahau kitu moja: ile kumi. Hakuna mutu alimuonyesha."

"Kitu moja tu? Na hii nyekundu yote?"

Angeweza kuachia hapo, wasikilizaji wapendwa. Mama angerudi na furaha yake, mtoto angebaki shuleni, kuku angeingia jikoni. Lakini mtoto alikuwa anasikia, na mtoto alijua kilichoandikwa.

"Nyekundu si sifa, mama. Ku masomo ni makosa. Na nilimuandikia maneno mubaya. Nilikuwa nimechoka, nikaandika tu."

Georgette alimgeukia binti yake. "We ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na uliniacha nacheka Anastasie?"

Pulchérie akaanza kulia. Georgette akafunga kaye. Akamchukua kuku wake, akamrudisha kwapani.

"Mwalimu, uliandika matusi mu kaye ya mutoto, na mi nikakuletea kuku. Kuku inarudi ku nyumba. Siku utaandika kitu unaweza kunisomea, itakuja."

Jumatatu tofali la Pulchérie lilikuwa tupu. Jumanne, tupu. Jumatano pia. Alhamisi, baada ya shamba la shule, Albert hakwenda kwenye beseni lake. Alipanda mlima. Saa mbili za kutembea, jua la jioni usoni, na homa ya mtoto wake sasa imemwingia yeye mwenyewe. Alimkuta Pulchérie katikati ya pamba, akivuna. Konzi moja kwenye kikapu, konzi ya pili, ya tatu.

"Pulchérie, kikapu kinajaa na konzi ngapi?"

"Kumi, mwalimu."

"Kikijaa, unakiacha pale?"

"Hapana. Nakipelekea mama kule, naanza kingine."

"Na kama ukikiacha?"

"Mama atanipiga! Iko pamba yote ile."

"Basi ile kumi ya hesabu ni kikapu. Usikiache shambani."

Mtoto akaweka kikapu chini. Kisha akachuchumaa, akaandika kwa kidole kwenye udongo: ishirini na saba, kumi na tano. Akaandika mbili. Akabeba kikapu. Akaandika nne. Arobaini na mbili.

Georgette alikuwa amesimama nyuma yao na jembe. Hakumkaribisha mwalimu, hakumpa hata maji. Alisema tu, "Jumatatu atashuka."

Na alishuka.

Tangu siku ile Mwalimu Albert hakugusa tena wino mwekundu. Aliandika kwa penseli, sentensi moja kwa kila mtoto: umefika wapi, umekwama wapi, jaribu nini. Alijiwekea sheria moja, na ndiyo anayokumbukwa nayo: asiandike neno ambalo hawezi kumsomea mama wa mtoto. Mkuu wa shule alimcheka: "We unafundishaka, ama unaandikaka barua?" Kazi ilimchukua muda mara mbili. Immaculée anasema, "Tulimukutaka amesinzia pa baraza, penseli mu mukono. Siku ingine hasira ilimushinda, akamusemea mutoto vibaya. Kesho yake anamuomba samahani mbele ya darasa. Alichoka maisha yake yote, ile baba."

Na kuku? Georgette alikutana na mwalimu sokoni mwaka baada ya mwaka. Kila mara Albert aliuliza, "Mama Pulchérie, kuku yangu?" Na Georgette alijibu, "Iko inakula kwanza, mwalimu. Haijanona." Wakacheka hivyo mpaka Georgette alipofariki.

Wasikilizaji wapendwa, wako walimu wanaotusikiliza sasa hivi. Najua mmechoka. Najua darasa limejaa, na hakuna anayewauliza habari za miguu yenu. Sina la kuwafundisha. Nawaomba tu, kabla ya kuandika neno kali juu ya kazi ya mtoto, lisomeni kwanza kwa sauti. Nanyi wazazi, mtoto akinyamaza mbele ya kaye yake, msifurahi haraka wala msikasirike haraka. Kaeni naye.

Kwa Mama Dorothée, mjane wake, kwa Immaculée na ndugu zake, na kwa wote waliokalia matofali katika darasa lile: poleni sana. Mungu awape nguvu.

Jumatano, kwenye matanga, kabla mwalimu hajazikwa, mwanamke mmoja mwenye mvi alishuka kutoka milimani kwa miguu. Ni Pulchérie. Alikuwa na kuku kwapani. Immaculée alimwuliza kama anataka kuku achinjwe kwa ajili ya wageni.

"Hapana," Pulchérie akasema. "Weka hapa karibu na yeye kidogo. Ni ile ya mama. Sasa imenona."