Historia ya Josiah Nyasani Ratemo, Aliyemjulia Kila Mtu Kitabu Chake

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zetu mlioketi nyasini, na wageni mliotoka Kisii mjini na upande wa ziwa, familia imemtuma Machogu Ratemo, mdogo wa marehemu, asimame mbele yenu leo Jumapili, tarehe 12 Juni 1977, asome maisha ya kaka yake, na imeamua yasomwe kwa Kiswahili ili wageni wasibaki wakitazama midomo ya watu, mama zetu wawe na subira, watatafsiriwa wakati wa chakula.

Josiah Nyasani alizaliwa hapa Manga, mtoto wa kwanza wa mzee Ratemo na mama Nyaboke, tarehe 4 Mei 1919, kama alivyoandika karani wa misheni, ingawa mama Nyaboke hakuikubali tarehe hiyo mpaka anaingia kaburini, akisema siku ile aliyekuwepo ni yeye na si karani, na kwamba mtoto alizaliwa wimbi likivunwa. Aliingia shule ya misheni mwaka 1930, tayari akiwa mkubwa kuliko dawati alilopewa, akamaliza darasa la sita Novemba 1936, akabatizwa mtoni mwezi uliofuata, na kuanzia Januari 1937 alifundisha madarasa ya chini hapa hapa Manga kwa miaka kumi na mitatu, na wengi waliokaa hapa wanakikumbuka kiboko chake, maana ule upole mnaousifu tangu asubuhi ulikuja baadaye.

Tarehe 9 Septemba 1943 alifunga ndoa na Bosibori, binti kutoka Nyakoe, wakajaliwa watoto wanne, Onyancha ambaye sasa ni mwalimu, Gesare aliyeolewa Marani, na wadogo wawili ambao surua iliwachukua katika juma moja la Agosti 1950. Watu walikuja na maneno mengi, kila mtu na la kwake, na hakuna lililoingia, ila mchungaji mmoja mgeni aliyekuwa akipita njia alikaa na baba wa watoto siku nzima bila kusema kitu, na alipoondoka akamwachia kitabu chembamba. Nyasani alikisoma mara tatu, akatupa kiboko, na muda si mrefu akaacha na ualimu wenyewe, akawa mkulima anayesoma, jambo ambalo majani ya chai na magugu yalilifurahia sana.

Tangu Februari 1961 alikuwa mwinjilisti wa vitabu, kazi aliyoifanya kwa miguu, na baadaye kwa baiskeli, kutoka Manga hadi Nyakoe na Marani, akiwa na mkoba wa ngozi uliomvuta bega la kushoto mpaka likabaki chini. Wenzake walibeba vitabu vya kila namna na kuvisifu vyote kwa pumzi moja, lakini yeye hakufungua mkoba mpaka ameketi, amepewa maji, amesikiliza habari za ng'ombe na za wakwe, halafu akauliza swali lake moja, kwamba ukiwa peke yako shambani, unaongea na nani. Wengi walicheka. Wachache walilia, na ni baada ya hapo tu ndipo aliposema kama ana kitabu chako au hana, na kama hana alifunga mkoba akaaga, hata kama mwenye nyumba anakitaka hicho hicho kinachochungulia.

Jirani yake Nyamongo, aliye hapa mbele, alikuwa na ugomvi wa mpaka na mwenye shamba la upande wa pili, ulioanza kabla ya Uhuru, na mwaka 1966 alipewa kitabu kuhusu hasira na mahali inapokaa ndani ya mtu, akakisoma miezi sita kwa kidole, kisha asubuhi moja akaenda kung'oa mikonge ya mpaka kwa mikono yake, jambo lililomtisha adui yake kuliko panga. Mama Bitutu wa Marani, aliyekuwa hazungumzi na mtu tangu afiwe na mumewe mwaka 1969, alitembelewa mara tatu bila kupewa chochote, na mara ya nne akaletewa kitabu kidogo cha sala za mtu asiyejua kusali, na leo ndiye anayewaongoza akina mama katika nyimbo, na kumnyamazisha imekuwa kazi. Watu hawa wanasema wazi kwamba Nyasani aliwarudishia maisha yao, na familia haina sababu ya kuwabishia.

Ukweli ukisemwa, si kila kitabu kilifika. Mdogo wake mwenyewe, huyu anayewasomea, alipewa mwaka 1964 kitabu kinene cha mtu kujitambua, akaambiwa asome ukurasa mmoja kwa siku na asidanganye, akasoma nne, akaona kinamtazama vibaya, akakitumia kuzuia dirisha lisipigwe na upepo, na kwa miaka kumi na mitatu kaka yake aliingia nyumba ile, akaliona dirisha, akanywa chai yake, akaaga.

Mwezi wa Machi mwaka huu, Jumatatu tarehe 14, akiwa anafunga mkoba kwenye baiskeli ili aende Nyakoe, alipatwa na kiharusi, akaanguka uani. Kilichukua upande wote wa kulia na kikachukua ulimi. Alilazwa hospitali ya serikali mjini Kisii majuma matano, akarudishwa nyumbani tarehe 18 Aprili, na ni siku ya pili baada ya kurudi ndipo alipoinua mkono wa kushoto, akafanya kama mtu anayefunua ukurasa, akaelekeza kidole kwenye kabati, akafanya tena.

Familia ilifurahi, kwa kuwa ilidhani hili ni jambo dogo. Bosibori alitoa vitabu vyote kabatini, sitini na vitatu, akamwonyesha kimoja kimoja, naye akatikisa kichwa kwa kila kimoja, taratibu, kama mtu anayekataa uji bila kutaka kumuudhi mpishi. Onyancha akaleta kibao, akaandika alfabeti ili baba yake aonyeshe herufi, lakini macho ya mzee yaliteleza juu ya herufi zile bila kushika hata moja, na daktari alipoulizwa akaeleza kwamba kiharusi kimechukua kusoma pia, na huenda kusirudi. Yaani alikuwa akitaka kitabu ambacho hata kikiletwa hataweza kukisoma. Mkono haukuacha kufunua ukurasa.

Ndipo ilipofikiriwa kwamba kitabu chenyewe kiko kwa mtu, na Sabato ya tarehe 30 Aprili ikatangazwa kanisani kwamba kila aliyepewa kitabu na mzee akilete. Walikuja, Manga yote, Nyakoe, Marani, kwa siku nne mfululizo, wakasimama uani na vitabu vyao kifuani, vingine vimefungwa kwa vitambaa, vingine vina masizi ya jikoni, Nyamongo na chake cha hasira, Mama Bitutu na chake cha sala, na kila mmoja aliinama mbele ya kitanda na kusema, huenda ni hiki, Omogaka, mzee wetu, kilinisaidia sana. Aligusa majalada. Vingine alivishika kidogo, akamshika na mwenyewe mkono, akatikisa kichwa. Machogu alikuja wa mwisho, na kitabu cha dirishani kikiwa kimejikunja kwa mvua za miaka yote hiyo, na kaka yake alipokiona alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akatikisa kichwa, na mdogo wake akatoka nje akalia nyuma ya ghala, na haoni aibu kulisema hapa.

Bwana Ouko, mwenye duka la vitabu mjini Kisii na rafiki wa marehemu katika kazi, alisafiri hadi Kisumu kutafuta nakala ya kile chembamba cha mwaka 1950, maana cha kwanza kilikuwa kimeazimwa na kupotea zamani, akakipata, akakileta mbio, na sote tukasema hicho ndicho. Mzee alikilaza kifuani karibu saa nzima, akamrudishia. Nesi Benta Aloo, aliyekuwa akija kumgeuza kitandani, akashauri aulizwe maswali ya ndiyo na hapana, na Onyancha akauliza kama ni cha Kiingereza, hapana, cha Kiswahili, hapana, Biblia, hapana, cha Kigusii, hapana, mpaka Ouko, ambaye ni Mjaluo, akauliza kwa matumaini kama basi ni cha Kijaluo, na hapo nyumba nzima ikacheka na mgonjwa akacheka nayo, na kicheko kilipokwisha, mkono wa kushoto ukainuka, ukafunua ukurasa.

Ndipo watu wakamgeukia Bosibori, mke wa miaka thelathini na mitatu, kwamba yeye lazima anajua mumewe alipenda kitabu gani. Alijibu kwamba alimwona akisoma kila siku ya Mungu, lakini siku zote alisoma kwa ajili ya fulani, kama mpishi anayeonja, akifika mahali anasema hiki ni cha fulani wa Nyakoe, anakunja ukurasa, anakiweka mkobani, na kwamba hakuwahi kumwona ameketi na kimoja akakiita chake. Mtu huyu alimuuliza kila mmoja wetu tunaongea na nani tukiwa peke yetu, na katika miaka kumi na sita hakuna hata mmoja wetu, si mke, si mwana, si ndugu, aliyemrudishia swali. Siku tulipolikumbuka, hakuwa tena na ulimi wa kulijibu.

Katikati ya Mei mkono uliacha kuinuka. Baadhi ya watu walishukuru wakidhani ametulia, lakini waliokaa naye walijua ameacha kuomba, na hayo ni mambo mawili. Alikata roho Alhamisi tarehe 9 Juni 1977, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkewe akimshika mkono huo wa kushoto. Alitaka kitabu gani, hatujui, na hatutajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa Nesi Benta, ambaye hakuwa na wajibu wa kupanda kilima hiki na alikipanda, inamshukuru Bwana Ouko kwa safari ya Kisumu, wainjilisti wenzake waliobeba mzunguko wake pamoja na wa kwao, majirani wa Manga waliomlimia, na wote mliokuja kusimama uani na vitabu vyenu, mkavirudishe nyumbani mkavisome, maana familia haina haja navyo.

Jambo la mwisho ni hili. Jana wazee wa kanisa walipendekeza marehemu alazwe na Biblia yake, Onyancha akataka kile chembamba, Machogu akataka chochote, ilimradi kitu, lakini mama Bosibori amekataa vyote, akasema tukimpa kisicho chake safari hii hataweza hata kutikisa kichwa. Kwa hiyo Nyasani anakwenda mikono mitupu, akiwa amewajazia watu wa vijiji vitatu mikono yao. Lala, kaka, kwa amani tuliyoshindwa kukuletea.