Asali Niliyoihukumu kwa Kiberiti

Shikamooni wakubwa zangu, mmebaki wachache. Na ninyi wadogo, marahaba, hata ambao hamkuniamkia. Nimeishia darasa la tatu, sijui kuzungusha maneno. Nimesimama mbele ya kikundi chetu cha wafuga nyuki kueleza ujinga wangu, na wenu kidogo.

Mnaikumbuka ile klipu. Kijana kavaa miwani ya jua porini, sijui anawaficha nyuki sura, anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali kisha anaiwasha. Ikiwaka, asali safi. Isipowaka, imetiwa maji ya sukari. Mtu hajawahi hata kuumwa na nyuki! Mimi ninayerina asali tangu sijaolewa nikamwamini, kisa yumo kwenye simu. Nikairusha kwenye kundi letu, na ninyi mkaigombania kama kuku waliomwagiwa pumba.

Kisha nikaja hapa na kiberiti. Nikachovya kwenye ndoo ya mwenzetu mmoja. Haikuwaka. Nikamwita mchakachuaji mbele yenu, mwanamke tuliyeanza naye kutundika mizinga, aliyenishika mkono nilipomzika mume wangu. Tukamtoa kikundini. Mpaka stesheni ya Igalula watoto wakawa wanamwita Mama Sukari.

Ndugu zangu, nawaambia, nililala usingizi mnono. Mjinga hakosi usingizi.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Akaja na daftari: mwalimu wao kawaagiza wachunguze klipu inayozunguka nyumbani kwao. Nikamcheka.

"Siku hizi shuleni mnafundishwa kutazama simu?"

"Kuihoji, bibi. Anayesema ni nani, anataka nini, kaficha nini. Hii uliitazama mpaka mwisho?"

"Mwisho wa nini? Njiti si iliwaka?"

Akaniwekea mwisho. Kijana yule yule kashika chupa, anauza asali yake, anasema za wengine zote ni feki.

Mtoto hakuishia hapo. Akataka asali niliyoikamua mwenyewe jana yake. Akachovya njiti tatu kwenye bakuli moja. Moja ikawaka. Mbili zikagoma.

"Sasa bibi, wewe ni msafi au mchakachuaji?"

Ningemzaba kofi, lakini mkono haukuinuka.

Asubuhi nikaenda kwa mwenzangu. Alikuwa anachambua maharage, hakusimama.

"Leo umekuja na kiberiti au na akili?"

"Nimekuja na magoti," nikasema, nikayapiga.

Akatupa punje mbovu pembeni. "Ulinitukana mbele za watu. Mbona unaniomba radhi uani?"

Ndiyo maana nimesimama hapa.

Namshukuru mjukuu wangu, na mwalimu wake niliyemdharau bila kumjua. Namshukuru na mwenzangu, ambaye hakunifungia mlango. Kabla hujarusha kitu, kitazame mpaka mwisho, uliza mwenye kusema anauza nini.

Na ninyi mnaotikisa vichwa kana kwamba hamkuwepo, simameni. Yuko nje hapo, kakataa kuingia mpaka atusikie. Tuseme wote, kwa sauti: hakuchanganya kitu. Haya, nani anaanza? Basi naanza mimi.