Fahali wa Fainali ya Wanawake: Maisha ya Priscah Nekoye Lusweti

Wasifu uliosomwa na wifi yake, Rachael, nyumbani kwa marehemu, Navakholo, Jumamosi tarehe 14 Februari 2026

Wachungaji wetu, jamaa, majirani, maafisa wa kilimo, na ninyi akina mama wa tenisi mliokuja na raketi zenu: poleni sana, na asanteni. Kabla sijaanza, neno moja. Nimewaona wengi mkizunguka nyuma ya jikoni kumtazama yule fahali mwekundu. Mtazameni tu, macho hayana makosa. Habari zake zimo humu ndani, lakini lazima mnisikilize hadi mwisho.

Priscah Nekoye alizaliwa Likuyani tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Jairo Wekesa na marehemu Mama Phoebe. Mashamba ya Wazungu yalipogawanywa, kipande cha Mzee Jairo kiliangukia penye uwanja wa tenisi. Wenzake walipata zizi, wengine ghala, yeye akapata uwanja wa tenisi, na watu wakamcheka kweli. Mzee hakujali. Udongo wa pale ulikuwa umeshindiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu, naye akaanikia mahindi yake hapo. Katikati aliacha ujia mwembamba wa kupitisha toroli. Ni katika ujia huo Nekoye na kaka yake walianza kupiga mpira kwa vipande vya mbao, na amri ya baba ilikuwa moja, mahindi yasiguswe. Waliocheza naye baadaye walishangaa mbona mpira wake ulikuwa hauendi pembeni. Pembeni kulikuwa na mahindi ya baba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Likuyani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1983, kisha akajiunga na chuo cha kilimo cha Bukura. Huko alishika raketi ya kweli kwa mara ya kwanza. Huko pia alinunua sukari dukani, ikafungwa kwa ukurasa wa gazeti, na ukurasa huo ukaeleza habari za wachezaji tenisi wa kike wa ng'ambo. Kwamba walikuwa wakipewa zawadi ndogo kuliko za wanaume. Kwamba mwaka wa 1970 tisa kati yao walikataa, wakaanzisha mashindano yao wenyewe, na kwamba mwaka wa 1973 wachezaji wa kike waliunda chama chao cha dunia nzima, kile kinachoitwa WTA. Sukari iliisha, ukurasa ukabandikwa ukutani. Nilipomjua miaka mingi baadaye bado alikuwa nao, umekuwa rangi ya chai.

Mwaka wa 1987 aliajiriwa afisa wa kilimo wa nyanjani hapa Navakholo, na kazi hiyo aliifanya hadi ugonjwa ulipomlaza. Mnamjua. Ni yeye aliyewafundisha wengi wenu nafasi za kupanda mahindi, na kuwaambia ukweli kuhusu miwa hata mlipokuwa hamtaki kuusikia. Kwenye baraza alianza na matokeo ya tenisi ya wanawake, nani ameshinda wapi, nani amepanda nafasi ngapi duniani. Viwavi jeshi vilingoja kidogo. Wazee walinung'unika, lakini ukienda sokoni uliwasikia wakibishana juu ya wasichana wa nchi ambazo hawangeweza kuzionyesha kwenye ramani.

Aliolewa na kaka yangu, Lusweti, tarehe 15 Desemba 1990. Ng'ombe wa mahari walipelekwa Likuyani, na baba yake akawapokea vizuri. Marehemu alipenda kusema kwamba ng'ombe wale walitembea kwa ajili yake, lakini kamba haikupita mkononi mwake hata dakika moja. Alikuwa akicheka akisema hivyo. Mimi nilikuwa tayari kuwa wifi mkali, nilijiandaa kabisa, lakini wiki ya pili akanitia raketi mkononi akaniambia anahitaji mtu wa kucheza naye wawili wawili. Tangu siku hiyo, ugomvi wetu wote tuliumalizia uwanjani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Klabu moja mjini Kakamega ilikuwa na mashindano kila Februari, kabla ya mvua. Mshindi wa wanaume alipewa fahali. Mshindi wa wanawake alipewa sufuria. Mwaka wa 2003 marehemu alishinda fainali, akaitwa mezani mbele ya watu wote, sufuria ikainuliwa, watu wakapiga makofi. Hakunyoosha mkono.

Akasema, "Nyumbani nina sufuria. Sina fahali."

Akaiacha pale mezani, akapanda pikipiki yake ya kazi, akarudi Navakholo. Mwaka uliofuata hakuna mwanamke aliyejiandikisha katika klabu ile. Tulicheza kwetu: Bukura, Navakholo, na Likuyani kwenye uwanja wa Mzee Jairo baada ya mahindi kuanuliwa. Mshindi wa mwaka alipewa ndama dume aliyefugwa hapa hapa bomani. Marehemu aliyaita mashindano hayo Mzunguko wa Akina Mama. Ninyi mnajua mzunguko kwetu ni nini: akina mama kuchanga na kupeana kwa zamu. Waume wakasikia mzunguko, wakatoa ruhusa upesi, wengine wakaongeza na nauli. Baada ya miezi mitatu mmoja akanijia na heshima zake kuuliza zamu ya mke wake itafika lini. Nikamwambia ilifika juzi, akafungwa seti mbili.

Mwaka wa 2007, lile shindano la mwisho kati ya manne makubwa ya dunia nalo lilikubali kuwapa wanawake zawadi sawa. Marehemu alibeba habari hiyo hadi klabu, akarudi tena, akarudi tena, hadi mwaka wa 2009 klabu ikasema sawa: fahali kwa fahali. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alicheza hadi fainali, na pale akashindwa na Chelimo, msichana wa Likuyani aliyejifunzia kwenye uwanja ule ule wa kuanikia mahindi. Iliniuma mimi kuliko yeye. Marehemu aliomba yeye mwenyewe amkabidhi Chelimo kamba. Alimwambia, "Shika vizuri, usiachilie." Chelimo yuko hapa, mwulizeni. Marehemu hakuwahi kujishindia fahali wa klabu hata mara moja, na alilala vizuri tu.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana alianza kukataa chakula. Vipimo vya Kakamega na vya Eldoret vilisema saratani ya tumbo, na kwamba imekwenda mbali. Juni hii ndiyo angestaafu. Alivumilia, aliomba, alituma watu wapalilie mboga zake. Mwezi wa Januari, binti yake Winrose alimletea habari kitandani kwamba kamati mpya ya klabu imetangaza mwaka huu kuna fahali mmoja tu, wa wanaume. Wanawake watapewa vyombo vya jikoni.

Marehemu akauliza, "Yule mwekundu wetu amefikisha miaka mingapi?"

Winrose akamjibu mitatu.

"Basi anatosha. Nikienda kabla ya fainali mtataka kumchinja. Msimchinje."

Alitutoka asubuhi ya tarehe 6 Februari 2026, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Jamani, ni mapema mno, na sitajifanya sina uchungu.

Mambo ya fahali yalituletea kikao kigumu. Kaka yetu mkubwa alisema wazi, "Sisi hapa tunachinjanga. Watu wataenda wakisema tumemzika mama wa watu mikono mitupu." Hakukosea. Hiyo ndiyo desturi yetu, na alizungumza kwa mapenzi. Tulibishana hadi chai ikapoa. Lusweti alitoka nje, akamfungua fahali, akamfunga kwenye nguzo ya nyumba yake, akavuta kiti akaketi kando yake. Kikao kikaisha hivyo. Kwa hiyo leo kuna obusuma, ugali wetu, maharagwe, mboga na kuku wa wazee. Anayetamani nyama ya ng'ombe atusamehe. Jumamosi ijayo, siku ya fainali, fahali huyu atakuwa uwanjani mjini, zawadi ya mshindi wa wanawake, na Chelimo ndiye atakayemwongoza. Mwenyekiti wa klabu nakuona hema la pili, asante kwa kuja kutufariji. Vile vyombo vya jikoni vitafutie kazi nyingine.

Marehemu amemwacha mume wake Lusweti, watoto wake Winrose na Tevin, wajukuu wanne, kaka yake Wekesa wa Likuyani, wakwe, mashemeji, mimi wifi yake, na akina mama wa Mzunguko ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Wifi, sufuria zako zote leo ziko motoni, zinapikia watu waliokuja kukuaga. Fahali amesimama mlangoni kwako. Lala kwa amani ya Bwana.